Mlango wa Wimbo wa Saba

Nyimbo zimekwisha, twasema, kama asemaye nyumba imekwisha
naye hajatia vitasa.
Punta Arenas, Julai, saa moja ya jioni na giza limeshazeeka,
upepo unapiga mabati kama mdai aliyechoka kubisha kwa adabu.
Tumesimamisha magodoro madirishani.
Tumechomoa friji, maana huguna
kwa noti ya chini inayogombana na gitaa.
Nibaldo, spika za masikioni zimefungwa kwa plasta,
ananiinulia kidole: sasa.

Theluji ya kweli iko nje, tele, ya bure.
Tuliirekodi juzi; ilisikika
kama mtu anayetafuna biskuti kanisani.
Basi nimejaza wanga wa mahindi katika soksi ya sufu,
naifinya, naiachia, naifinya, naiachia,
na ndani ya kompyuta mwanamke anavuka uwanja
kwenye theluji ambayo haikuanguka mwaka wowote.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Huyu ametembea dakika nzima
na hajahema.

Mvua ya wimbo wa pili ni vitunguu katika mafuta.
Radi ni sinia la kuokea.
Moto wa wimbo wa nne ni karatasi za peremende,
na Nibaldo alizila zote kwanza, kumi na nne, kwa ajili ya sanaa.
Fedha za studio hatuna. Tuna jiko,
na maikrofoni ya kuazima kwa mtangazaji wa redio
anayeitaka Jumatatu asubuhi, isinuke kitunguu.

Lakini wimbo wa saba unataka mlango.
Si mlango wowote: mlango wa baba
akitoka kiwanda cha nyama, buti zikigongwa kizingitini
kudondosha barafu. Mara tatu. Kimya. Kisha moja,
kama mtu aliyesahau jambo akalikumbuka.
Ubeti wake sikuuandika. Nilimwachia nafasi,
sekunde kumi na moja, gitaa likingoja.

Tulijaribu kwa nyundo iliyovishwa kitambaa: akaja seremala.
Kwa buti za Nibaldo: akaja askari.
Kwa buti zangu: nikaja mimi.
Mwisho nikaenda stoo nikashusha zake,
ngozi imekakamaa, kamba bado na fundo lake la kushoto.
Nikatia mikono ndani kama glavu,
nikapiga magoti mlango ukiwa wazi.
Tatu.

Moja.

Na nyuma ya ukuta mama, aliyekuwa akifuma,
akasema kwa sauti ya kila siku, sauti ya kuomba chumvi:
«Funga mlango, Zvonko, upepo unaingia.»

Miaka minne.
Mstari wa kijani uliruka kwenye skrini, ukashuka.
Nibaldo hakushusha kidole.
Sindano za mama zilisimama; nilizisikia zikisimama,
na kwa hilo hakuna wanga, hakuna sinia.
Kisha zikaanza tena, polepole,
kama anayehesabu upya vitanzi alivyovipoteza.

Tulibishana hadi saa nane za usiku. Ikate, alisema, si yetu.
Nikaikata. Nikairudisha. Nikaishusha
mpaka asiyejua adhani ni upepo tu.
Faili nikaliita mlango wa mwisho, kisha mlango wa mwisho kabisa,
kisha mlango.

Asubuhi nikamvisha mama spika za masikioni, zikampwaya.
Alisikiliza wote, macho kwenye kitambaa cha meza.
Nilingoja.
«Theluji mmeipatia,» akasema.

Akainuka kutafuta maziwa, akakanyaga maji.
Friji! Hatukuwa tumeichomeka.
Nusu kondoo imelainika, damu na barafu sakafuni,
na mama tayari anafunga aproni, anapaza sauti
Nibaldo akawaite majirani, wote, waje na njaa,
na huo mlango, jamani,
aufunge akitoka.